Skrini ya Gemu: Kasi au Rangi?

Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, mkazi wa Busisi hufika madukani Mwanza bila kungoja kivuko. Basi ndugu anayekusudia kufungua kibanda cha gemu, kabla ya kutoa akiba ya nyumba, na aielewe namba atakayoonyeshwa na mwenye duka: 60 au 144. Hiyo ni idadi ya mara ambazo skrini huweza kubadili picha kwa sekunde moja, na bei hupanda kwa ajili yake.

Lakini PlayStation 2 na 3, hizo kuukuu zinazonunulika, hazitoi zaidi ya picha 60 kwa sekunde. Zile 84 zinazobaki ni fedha zilizotupwa ziwani. Mwenye PlayStation 5, ambayo hufika 120, ana hesabu nyingine. Ila wangapi wanayo?

Rangi ni jambo zito zaidi. Kibandani wawili hucheza, na kumi husimama ubavuni. Skrini za aina ya TN, ambazo ni nyingi miongoni mwa zile za kasi za mtumba, hufifia zikitazamwa kwa upande. Za IPS hushika rangi. Ndugu huyo aombe skrini iwashwe, kisha asogee pembeni. Jezi ya njano ya Yanga ikipauka kabla hajaufikia ukuta, aiache hapo hapo dukani.