Anayecheka Ana Deni



Dominika moja, baada ya Misa katika mojawapo ya vigango vyetu huku Manyoni, niliketi chini ya mti pamoja na viongozi wa walei tukingoja chakula. Kijana mmoja alinisogezea simu yake ili nitazame. Katika video ile alionekana mzee aliyelewa pombe ya mtama siku ya mnada. Alikuwa akicheza peke yake, akapepesuka, akaanguka, na suruali ikamteremka mbele ya watu. Waliomrekodi walikuwa wamepachika wimbo wa Bongo Fleva, mdundo ukiendana na kuanguka kwake, tena wakaandika chini yake maneno ya kuchekesha. Nilicheka. Sitaki kulificha jambo hilo: mimi padre nilicheka pamoja na wengine, tena kwa sauti.

Mama aliyekuwa akituandalia chakula aliweka sahani mezani, akasema kwa upole, "Padre, huyo ni baba yangu mzazi." Kisha akarudi jikoni. Hakuna aliyejibu neno. Baadaye nilielezwa kwamba mzee huyo alikuwa ameacha kuhudhuria Jumuiya, na kwamba shuleni watoto waliwaimbia wajukuu wake wimbo uleule kila walipopita.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali ambalo leo napenda kuwashirikisha ninyi: anayetazama tu, anayecheka tu, anayesambaza tu, je, hana kosa? Wengi wetu hujibu upesi kwamba hana. Kosa, tunasema, ni la aliyerekodi. Mimi sikubaliani na jibu hilo, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza, yatupasa kukiri kwamba vyombo hivi vimetuletea mema mengi. Mgonjwa aliyelala nyumbani kwa miezi mingi husikiliza kwaya za Dar es Salaam, Mwanza na hata Nairobi akiwa kitandani mwake. Mkulima hupata habari siku ileile ya tukio. Na kicheko chenyewe ni kipaji cha Mungu. Mzee Majuto alipofariki dunia tarehe 8 Agosti 2018, nchi nzima ilimlilia kwa sababu alikuwa ametuchekesha kwa miaka mingi. Lakini tuangalie vizuri kazi yake ilivyokuwa. Majuto alipanda jukwaani kwa hiari yake, akajifanya mjinga yeye mwenyewe, akala jasho lake. Mzee wetu wa mnadani hakupanda jukwaa lolote. Alipandishwa.

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Hati ya *Inter Mirifica* ya tarehe 4 Desemba 1963, uliviita vyombo vya upashanaji habari kuwa ni miongoni mwa mambo ya ajabu ya ufundi wa binadamu. Hati hiyo haikuishia kwa waandishi na watengenezaji wa filamu. Ilisema pia kwamba wasomaji, watazamaji na wasikilizaji wana wajibu wao, kwa kuwa nao huchagua. Mababa wa Mtaguso hawakuziona simu hizi za mkononi, ila walitambua kwamba mtazamaji si gunia linalotiwa chochote. Siku hizi mtazamaji amepewa hata uwezo wa kutangaza, maana kwa kidole kimoja hupeleka video kwa watu mia wa kikundi chake, nao huipeleka kwa wengine mia. Kama wajibu ulikuwapo mwaka 1963, leo umeongezeka.

Pengine mtu atasema kwamba haya ni mafundisho ya mbali, na kwamba sisi Waafrika tumezoea kuchekana. Ni kweli, tumezoea. Ndiyo maana napenda turudi kwenye shule yetu wenyewe ya kicheko, yaani utani.

Nilipokuwa mtoto nilihudhuria mazishi ya babu yangu. Kaburi lilipokuwa tayari, mtani wa ukoo wetu aliingia ndani yake akalala chali, akasema kwamba mahali pale ni pake na kwamba hatoki mpaka alipwe. Akamwiga marehemu alivyokuwa akitembea, akamwiga alivyokuwa akikohoa, akataja ubahili wake mbele ya watoto wake. Waliokuwa wakilia wakaanza kucheka machozi yangali mashavuni. Mimi nilishangaa sana, nikadhani ni adui. Lakini mtani yuleyule ndiye aliyekuwa amechimba kaburi tangu alfajiri. Yeye na wenzake ndio waliobeba jeneza, ndio waliochota maji na kupasua kuni, ndio waliokaa na bibi yangu mpaka matanga yalipoisha.

Huo ndio utani. Mtu alipewa ruhusa ya kucheka kwa sababu alikuwa amefungwa na wajibu. Aliyekuchekea siku ya furaha alipaswa kukubeba siku ya msiba. Tena ulikuwa na mipaka: mtani alijulikana kwa jina na kwa ukoo, alikucheka ukiwa unamwona, nawe ulikuwa na haki ya kumrudishia, kama si leo basi kesho. Hali kadhalika katika ngoma zetu. Mtunzi aliyemsema mvivu au mchoyo katika wimbo alikuwa anaimba mbele ya kijiji kinachomfahamu, na kesho yake alikutana na yule aliyemsema kisimani au njiani kwenda shambani.

Sasa tutazame kicheko cha simu. Anayecheka hajulikani. Anayechekwa hayupo, wala hana nafasi ya kujibu. Hakuna mzee wa kusema, "Basi, inatosha." Wimbo wa ngoma ulikwisha usiku ukaisha, lakini video haina mwisho, mtoto atakayezaliwa mwakani ataweza kumwona babu yake akianguka. Na kubwa kuliko yote, anayecheka hana deni lolote kwa anayechekwa. Akishaweka kile kikatuni cha uso unaocheka mpaka machozi, hupita kwenye video nyingine. Tumebaki na nusu moja ya utani, ile tamu, na nusu ya pili, ile ya jembe na jeneza, tumeitupa. Hiyo ndiyo dhuluma ninayoisema.

Jambo hili huwa zito zaidi inapokuwa si kichekesho bali habari ya ukatili. Mwezi Agosti 2024 ilienea nchini video ya binti mmoja akifanyiwa ukatili wa kingono na kundi la vijana. Watuhumiwa walishtakiwa kwa jirani zetu Dodoma, na tarehe 30 Septemba 2024 washtakiwa wanne walihukumiwa kifungo cha maisha. Watanzania wengi walipaza sauti kudai haki, na walifanya vema. Lakini tujiulize juu ya video yenyewe. Mahakama ilisikiliza kesi kwa faragha na kulificha jina la binti huyo kwa herufi mbili tu, ili kulinda heshima yake. Wakati huohuo watu, na miongoni mwao wabatizwa, walikuwa wakipokezana picha za mateso yake, mmoja akisema anasikitika, mwingine akiuliza kama kuna aliye nayo nzima. Mahakama ilimfunika, wengi wetu tulimfunua. Kila aliyeipokea na kuipeleka mbele alimrudisha binti yule mahali palepale pa mateso, hata kama alikuwa ameandika chini yake neno la huruma.

Najua pingamizi litakalotolewa hapa, nalo lina uzito. Mtu atasema: "Padre, bila picha, wakatili wangekamatwaje? Wanyonge watajitetea kwa nini, kama si kwa simu zao?" Ni kweli kabisa kwamba picha inaweza kuwa shahidi wa haki. Siwafundishi kufumba macho mbele ya uovu, na Tume ya Haki na Amani haiwezi kufundisha hivyo. Lakini kumpelekea ushahidi mwenye mamlaka ya kuchukua hatua, yaani polisi, dawati la jinsia, kiongozi wa kijiji au mwanasheria, ni jambo moja. Kuupeleka kwenye kikundi cha kwaya ni jambo jingine. Wa kwanza hutafuta haki. Wa pili, mara nyingi, hutafuta kuwa wa kwanza kuonekana na habari mpya.

Aidha, hatuna budi kutofautisha kumcheka mkubwa na kumcheka aliyeanguka. Mwezi Mei 2020 mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa baada ya kujirekodi akicheka picha ya zamani ya Rais wa wakati ule. Mashtaka aliyofikishwa nayo mahakamani baadaye yalihusu usajili wa kadi ya simu. Wazee wetu waliweka utani ili hata mkubwa awe na mtu wa kumwambia ukweli huku akicheka. Mwenye cheo ana walinzi, ana sauti, ana namna ya kujibu. Jamii inayoogopa kumcheka mwenye nguvu, lakini ikafurahi kila siku kumcheka mlevi, kichaa, mwenye ulemavu na mke aliyepigwa, imegeuza mambo juu chini. Kanuni ninayoipendekeza ni fupi: anayetenda uovu afichuliwe kwa njia ya haki, anayetendewa uovu, au aliyeanguka kwa udhaifu, afunikwe.

Kanuni hiyo si yangu. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 9, tunasoma kwamba Nuhu alikunywa divai, akalewa, akalala uchi hemani mwake. Mwanawe Hamu alimwona, akatoka nje akawapa habari ndugu zake. Shemu na Yafethi hawakwenda kutazama. Walichukua vazi, wakalitandaza mabegani mwao, wakaingia kinyumenyume nyuso zao zikiwa zimegeukia upande mwingine, wakamfunika baba yao. Maandiko hayamfichi Nuhu. Yanakiri kwamba alilewa. Hata hivyo yanawasifu wale waliotembea kinyumenyume. Naona katika Hamu sura yetu sisi: hakumlewesha baba yake, hakumvua nguo, alitazama tu na kwenda kueleza. Na simu tuliyoishika inatupa kila siku nafasi ya kuwa Hamu au kuwa Shemu.

Sheria za nchi zipo. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ni vema viongozi wetu wa walei wakazifahamu. Lakini sheria haitaweza kukaa katika kila simu ya Manyoni. Kazi hiyo ni ya dhamiri, na dhamiri hulelewa katika familia na katika Jumuiya Ndogo Ndogo. Kwa hiyo napendekeza mambo matatu.

La kwanza, kila kikundi cha simu chenye jina la Kanisa, kiwe cha kwaya, cha WAWATA, cha VIWAWA au cha Jumuiya, kiwe na makubaliano ya wazi kwamba video ya mtu aliyedhalilishwa haipiti hapo, na kwamba kiongozi wa kikundi ataiondoa bila kuogopa lawama.

La pili, tuwalinde wanakwaya wetu. Tunapoweka nyimbo zetu mtandaoni tunafurahia kuhesabu watazamaji, lakini binti anayeimba mstari wa mbele husoma mwenyewe usiku maneno ya watu wanaocheka umbo lake au rangi yake. Walimu wa kwaya wamwandae, wamuulize kama anaridhia kuonekana, na wajibu kwa niaba yake.

La tatu, na hili ndilo gumu, tulipe deni. Ukishacheka, nenda. Kama anayechekwa yuko Itigi, Kilimatinde au mtaa wa pili, yuko karibu kuliko unavyodhani. Mtani alicheka kisha akachota maji, nasi tuchote.

Nilimtembelea mzee yule. Nilimkuta ameketi kivulini akipukuchua mahindi. Nilimwomba msamaha, nikamweleza kwamba nilicheka. Alinyamaza kwa muda mrefu, mikono ikiendelea na kazi. Kisha akaniuliza, "Wewe umekuja, Padre. Hao wengine watakuja lini?" Sikuwa na jibu. Nilichukua gunzi moja nikapukuchua pamoja naye mpaka jua lilipoanza kushuka. Swali lake nawaletea ninyi.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya:

1. Je, katika Jumuiya yetu yupo mtu aliyeacha kusali nasi kwa sababu ya picha au video iliyosambazwa? Nani atakwenda kwake, na lini?

2. Video ya mwisho uliyowapelekea wengine ilimhusu nani? Kama angekuwa mzazi wako, ungeipeleka?

3. Ni mambo gani ya utani wa wazee wetu tungependa kuwafundisha watoto wetu wanaokua na simu mikononi?

Amani ya Kristo iwe nanyi nyote.