"Picked up" na nani?

Julai 2024 tuliamka tukapata ujumbe mmoja kwenye grupu ya familia: "Brayo has been picked up." Basi, hakuna la ziada. Aliyeutuma alikuwa ameshazima simu akalala. Shangazi aliusoma saa kumi na moja alfajiri, na kabla jua halijatoka alikuwa amejifunga lesso, viatu mguuni, anataka kupelekwa kituo cha polisi. Kituo gani? Hata yeye hakujua.

Kumbe Brayo alichukuliwa stejini na rafiki yake mwenye gari, wakaenda zao Naivasha.

Leo tunacheka, lakini asubuhi ile hakuna aliyecheka. Wewe mwenyewe unakumbuka hali ilivyokuwa baada ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Vijana walikuwa wakibebwa na watu wasiovaa sare, na familia zikizunguka kutoka kituo kimoja hadi kingine zikiuliza.

Sasa hebu kitazame hicho kitenzi. Unapick up simu ikilia. Unapick up mzigo wako ulioagiza mtandaoni, pale kwa duka la CBD. Mzazi anapick up mtoto shuleni. Biashara ikichangamka, inapick up. Ukikaa Mombasa miaka miwili unapick up lafudhi ya huko. Jamaa akijitolea kulipia meza nzima, amepick up bili (huyo rafiki mtunze). Kuna na ile ya klabuni saa nane usiku, hiyo najua huhitaji maelezo. Hata gari la kubeba viazi tuliliita pikapu na likakaa.

Shuleni tulikariri hivi vitenzi kama orodha, kwa sababu karatasi ya pili ya Kiingereza ya KCSE ilipenda kutuuliza tubadilishe neno lililopigiwa mstari. Ulipata alama yako ukasonga.

Wala si Kiingereza pekee chenye mambo haya. Sisi tuna kupiga: tunapiga pasi, tunapiga kura, tunapiga mswaki, tunapiga picha, na hakuna anayeumia. Lakini kupiga hutembea na mwenzake. Ukisema pasi, nimeelewa. "Picked up" inaweza kusimama peke yake, bila kusema nani alifanya wala kwa nini, na hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Kifurushi na binadamu vinatumia neno moja, na tumezoea. Hata tukitafsiri tunaandika "alichukuliwa", tukidhani tumesema kitu.

Kiswahili kina maneno mawili hapa, na hayafanani hata kidogo. Aliyekamatwa ana haki zilizoandikwa. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinasema aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa, aruhusiwe kuzungumza na wakili, na afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa kama saa hizo zinaishia wakati korti hazifanyi kazi. Kwa hivyo ukiandika "amekamatwa", saa inaanza kuhesabiwa na kuna mtu wa kuulizwa. Aliyetekwa nyara naye ametendewa uhalifu, awe aliyemteka ana kitambulisho cha kazi au hana. Ukiandika "picked up", umemsaidia nani? Mimi naona umemsaidia yule aliyekuwa kwenye usukani.

Usiniambie haya ni mambo ya walimu wa sarufi. Siku utakayotuma ujumbe kama ule, andika jina kamili, mahali, saa, kama walikuwa na sare au la, na nambari ya gari ukiwahi kuiona. Kama hujui ni polisi au si polisi, sema hivyo: watu wasiojitambulisha wamembeba kwa nguvu. Ni maneno mengi kuliko mawili ya Kiingereza, najua, na bando ni ghali.

Na kama ni rafiki amekuja na gari mwende Naivasha, tafadhali mwambie shangazi kwamba umepewa lifti.