Waraka kwa wanachama: Nafasi ile msiiache wazi

Kwa mafundi seremala na wachongaji wote wa ushirika wetu

Ndugu zangu,

Nimezipitia fomu za zabuni mlizoniletea. Karibu kila moja, pale palipoandikwa «manufacturer», yaani mtengenezaji, mmepiga mstari au mmeacha patupu. Nilipouliza, mmoja wenu akanijibu, «Hapo pa wenye viwanda, Katibu. Sisi tuna randa na patasi tu.» Jibu hilo limeniuma, ndiyo maana nawaandikia.

Neno hilo «manufacturer» Waingereza walilipata kwa Wafaransa katika karne ya 16, na mizizi yake ni Kilatini: manus ni mkono, facere ni kutengeneza. Kazi ya mkono, basi. Anayekaa kutwa akichonga nakshi ya mnyororo kwenye miimo ya mlango ndiye mwenye neno hilo tangu asili. Mashine zimemkuta nalo.

Lilihamaje? Mwaka 1771 Richard Arkwright alianzisha kiwanda cha kusokota pamba huko Cromford, Uingereza, mashine zikiendeshwa kwa nguvu ya maji. Viwanda vya namna ile vikaenea, neno likavifuata, hata leo mtu akilisikia anaona mitambo na moshi, mkono haumjii kabisa. Lakini litazameni jina la bwana huyo. «Ark» kwa Kiingereza cha zamani ni kasha, «wright» ni fundi. Fundi makasha! Ni jina la ukoo lililotokana na kazi, kazi ya watu waliounga mbao kama tunavyounga sisi makasha yetu kabla ya kuyapiga misumari ya shaba. Tangu nilijue hilo, kila nipitapo karakana na kusikia nyundo, jina hilo hunijia.

Tena kuna hasara. Nafasi mnayoiacha wazi hujazwa na mwingine. Kasha uliloliunga kwa wiki tatu linatoka dukani na karatasi yenye jina la muuzaji, na mnunuzi akitaka la pili humwendea yeye.

Kwa hiyo naomba, tena nasisitiza: andika jina lako kamili hapo, na chini yake jina la ushirika. Asiyezoea kuandika asione haya. Vijana wanaojifunza kazi kwetu watamsaidia. Kwenye mlango au kasha, chonga jina upande wa ndani, kabla ya kupaka mafuta.

Fomu zote nimezirudisha kwa Mwenyekiti. Zabuni inafungwa Jumatatu. Fikeni karakana Jumamosi baada ya alasiri, mzijaze upya.

Wenu katika kazi,
Katibu