Uchafu ulikuwa kwa mume, si kwenye kanda

Ndugu Mhariri,

Nina dukuduku kuhusu filamu ya Marekani iitwayo sex, lies, and videotape. Kwa Kiswahili ni ngono, uongo na kanda ya video, na jina hilo ndilo linalowafanya wengi waihukumu kabla ya kuitazama.

Filamu hiyo ilitengenezwa na Steven Soderbergh katika mji wa Baton Rouge, jimbo la Louisiana, kwa dola zipatazo milioni 1.2, ambazo kwa Wamarekani ni fedha kidogo mno. Mwaka 1989 ilipata Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la Cannes, Ufaransa, naye mwenyewe alikuwa na umri wa miaka 26 tu. Anayeitafuta kwa ajili ya kuona watu walio uchi atanuna, maana humo watu hukaa wakazungumza.

John ni mwanasheria, ana nyumba nzuri na mke aitwaye Ann. Saa za kazi hutoroka kwenda kulala na Cynthia, ambaye ni shemeji yake! Ann anapomwuliza kama ana mwanamke wa nje, anakana, tena anajifanya ndiye aliyeonewa. Baadaye Ann anakuta hereni ya Cynthia katika chumba chao cha kulala. Ndipo anakwenda kwa Graham, rafiki wa zamani wa John ambaye hurekodi wanawake wakieleza mambo yao ya chumbani, naye anazungumza mbele ya kamera.

Ndugu Mhariri, hapa ndipo ninapogombana na wanaume wenzangu. Wanasema Ann ndiye aliyevunja nyumba kwa kupeleka siri za ndani kwa mgeni. Siri gani hiyo, wakati mumewe alikwisha kuitoa nje siku nyingi? Graham naye simtetei, kwani mchezo wake wa kanda ni ugonjwa. Lakini alimwuliza Ann swali, akangoja jibu. John hakuwahi kufanya hivyo. Anapopata habari anampiga Graham, anamfungia nje ya nyumba yake mwenyewe, kisha anakaa kuitazama kanda. Katika televisheni ndimo anamsikiliza mke aliyelala naye kitanda kimoja. Na akitoka hapo haombi radhi, bali anamtambia Graham kwamba hata mpenzi wake wa zamani alikwisha kulala naye.

Mimi niliitazama pamoja na mke wangu. Pale John anapokana tulinyamaza wote wawili. Mwisho mwenzangu akaniuliza: "Baba, ungekuwa wewe ungejibu nini?" Nilijifanya naitengeneza televisheni.

Msomaji wako,
Morogoro.