Ini Jipya na Mrija Uliosahauliwa

Mwalimu mwenzangu, bingwa wa hisabati ambaye jina lake sitalitaja kwa kuwa hajanituma kumtangaza, alipelekwa India miaka michache iliyopita kubadilishiwa ini. Tulifanya harambee mbili, moja shuleni na nyingine kanisani, nao ukoo ukauza ng'ombe. Mdogo wake wa kiume alikubali kupasuliwa na kumegewa kipande cha ini lake, kwa maana kiungo hiki, tofauti na figo au moyo, kikikatwa hukua tena. Waliporejea Kisumu baada ya miezi mitatu tuliimba hadi sauti zikatukauka. Mimi mwenyewe nilisimama mbele ya watu nikasema kwamba safari imekwisha. Nilikosea, na kosa hilo ndilo lililonisukuma kuishika kalamu.

Miezi minne hivi baadaye alianza kutetemeka kwa homa. Hapa kwetu ufuoni, kuanzia Dunga hadi Mbita na Usenge, homa ikipiga hodi huitwa malaria kabla hata haijakaribishwa kiti. Zahanati ya kwanza ikampa dawa za malaria. Ya pili ikampa dawa za taifodi, nazo zikampa nafuu ya juma moja, kwa kuwa ziliwapunguza bakteria waliokuwa wakistawi mahali pengine kabisa. Kisha akaanza kujikuna usiku kucha, mkojo ukawa kama chai ya rangi, macho yakageuka manjano. Ndipo mdogo wake alipompigia simu daktari mpasuaji kule India. Daktari hakuuliza habari za mbu. Aliuliza rangi ya choo. Choo kilikuwa kimepauka kama udongo mweupe. Siku mbili baadaye walikuwa angani tena, kwa pesa za mkopo.

Mrija wa nyongo ulikuwa umesinyaa pale ulipoungwa. Nyongo, isipopata njia ya kuteremkia utumboni, hurudi nyuma, huingia katika damu na kuitia ngozi rangi na mwasho. Ikituama huwa kidimbwi cha vijidudu, na hapo ndipo homa na kutetemeka huzuka. Sisi walimu wa baiolojia hulichora ini ubaoni, tukaonyesha mshipa unaotoka utumboni na ateri inayotoka upande wa moyo, tukawaambia wanafunzi kwamba ini hupokea damu kwa njia mbili. Ni kweli. Tusilolisema ni kwamba mirija ya nyongo hutegemea karibu kabisa ile ateri peke yake. Ateri ikiziba au ikidhoofika baada ya upasuaji, ini laweza kuponea kwa damu ya mshipa ule mwingine, ilhali mrija unakufa kwa njaa. Katika miaka ishirini ya kushika chaki sikumbuki kuuliza swali hilo katika mtihani hata mara moja.

Wapasuaji wanaufahamu udhaifu huu tangu zamani. Thomas Starzl alijaribu kumpandikiza binadamu ini kwa mara ya kwanza kule Denver, Marekani, mwaka wa 1963, na mwaka wa 1967 ndipo alipopata wagonjwa walioishi muda wa kutajika. Roy Calne wa Cambridge, aliyeanza kazi hiyo Uingereza mwaka wa 1968, aliulinganisha mrija wa nyongo na kisigino cha Achilles. Tangu hapo dawa za kuzuia mwili usikikatae kiungo kigeni zimeboreka sana, lakini mrija ungali unasumbua. Kwa jumla, hesabu zinazotajwa ni kati ya wagonjwa 5 na 25 katika kila 100. Uvujaji huonekana mapema, mara nyingi katika mwezi wa kwanza. Kusinyaa huchelewa, na aghalabu hujitokeza ndani ya mwaka wa kwanza.

Msomaji ataona mara moja shida yetu ilipo. Mwezi wa kwanza mgonjwa wetu yuko India, chini ya macho ya waliompasua. Miezi inayofuata yuko Kisumu, chini ya macho yetu.

Isitoshe, Mkenya anayekwenda India kwa kawaida huenda na ndugu yake wa kumpa kipande cha ini, na upandikizaji wa namna hiyo ndio wenye matatizo mengi zaidi ya mrija kuliko ule wa ini zima la marehemu. Sababu yake ni nyepesi kuieleza. Kipande huja na mrija mwembamba, pengine miwili au mitatu, na kila tundu lahitaji kuungwa. Mambo mengine yanayoashiria hatari yanajulikana pia: ateri iliyopata kasoro, ini lililokaa muda mrefu kwenye barafu bila damu, umri mkubwa wa mtoaji, na hasa uvujaji wa siku za mwanzo, kwani penye kidonda hubaki kovu na kovu hujikunja.

Kutokana na ishara kama hizo wataalamu wametunga hesabu za kumkadiria mgonjwa hatari yake, na siku hizi kompyuta zinasaidia. Mwenzangu wa hisabati, alipopata nguvu ya kucheka, aliniambia kwamba hilo ni somo la uwezekano tu: ukiwa na wagonjwa 100 hesabu yaweza kukuambia takribani wangapi wataugua, bali haitakuambia kama wewe ni mmoja wao. Nakubaliana naye, lakini kwa sharti. Hesabu isiyoweza kumtaja mtu kwa jina yaweza bado kuamua nani apimwe damu kila juma na nani kila mwezi. Vimeng'enya fulani vya ini hupanda katika damu kabla macho hayajawa manjano. Hata picha ya mawimbi ya sauti, ambayo ndiyo tuliyo nayo karibu, yaweza kudanganya, maana katika ini lililopandikizwa mirija si lazima ivimbe hata kama chini imebanwa. Picha ikisema "salama" huku damu ikisema vingine, yafaa iaminiwe damu.

Hapa nina neno na walimu wa Kiswahili. Twaita "homa ya manjano" ugonjwa ule unaoenezwa na mbu na kukingwa kwa chanjo, kisha twaita vivyo hivyo kila hali ya macho kugeuka manjano. Muuguzi mmoja alimwuliza mwenzangu kama alichanjwa kabla ya kusafiri. Lilikuwa swali la busara kwa maradhi yasiyokuwa yake. Mimi napendekeza tuseme "umanjano" kwa dalili, na "homa ya manjano" tuuachie ugonjwa wenyewe.

Najua nitaambiwa kwamba waliobadilishiwa ini hapa ziwani ni wachache, na kwamba kichocho, kinachowatia makovu ya ini wavuvi na waosha magari wetu, ndicho kinachostahili wino huu. Kichocho kinastahili makala yake. Lakini tangu mwaka wa 2013 hospitali zetu nyingi zimo mikononi mwa kaunti, na ninaloiomba kaunti halihitaji jengo: kila aliyepandikizwa ini afunguliwe faili, na homa yake ipimwe malaria na vimeng'enya vya ini siku hiyo hiyo.

Mwenzangu aliwekewa kijirija cha plastiki cha kupanua njia, akarudi darasani. Tulipoipekua bahasha aliyopewa India safari ya kwanza, tulikuta ukurasa uliosema kwamba mirija miwili iliungwa na kwamba nyongo ilivuja katika juma la kwanza. Ulikuwa umekaa kabatini muda wote aliokuwa akimeza dawa za malaria. Sasa ameutia ndani ya mfuko wa plastiki, na huubeba kila aendako, hata akienda kununua omena sokoni Kibuye.