Semina ziende mpakani

Marburg ilipotangazwa Rwanda Septemba 2024, wagonjwa 66 walithibitishwa na 15 wakafariki. Wengi wa walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya wenyewe. Mwaka mmoja na nusu kabla yake, ugonjwa huo huo uliua watu 6 Kagera, upande wa pili wa mpaka.

Dalili za mwanzo ni homa, kuumwa kichwa na kutapika. Nani asingesema ni malaria? Ndiyo maana masomo ya tabibu hayaishi siku anapopewa cheti. Lakini semina zetu hufanyika hotelini mjini. Huenda mganga mfawidhi, akarudi na mkoba na posho (posho sina ugomvi nayo). Muuguzi wa zamu ya usiku, atakayemgusa mgonjwa wa kwanza, hubaki bila kufundishwa namna ya kuvua glavu na vazi la kinga asijipake majimaji. Na kuvua kuna hatari kuliko kuvaa.

Wizara zetu zipeleke mafunzo hayo Rusumo na Mutukula. Wahudumu wa pande zote wakae darasa moja, wafundishwe kwa Kiswahili, na alama zao zihesabiwe wanapohuisha leseni, awe nchi yoyote. Waanze na wa zamu ya usiku.