Usiung'oe Mzabibu wa Kale
Ewe mkulima, usiache mbachao kwa msala upitao. Katika vilima vya Tortona, jimbo la Piemonte nchini Italia, uko mzabibu wa zabibu nyeupe uitwao Timorasso. Baada ya mdudu filoksera, afyonzaye mizizi, kuangamiza mashamba, wengi walipanda Cortese badala yake, kwa kuwa huzaa zaidi na hauna taabu nyingi. Timorasso ukakaribia kutoweka. Walter Massa, mkulima wa Monleale, akaitunza miche michache iliyosalia, akaanza kutengeneza divai yake mwaka 1987. Leo divai hiyo yasifiwa na kuuzwa kwa bei njema. Basi panda mbegu mpya, lakini bakiza safu moja ya zamani. Mbegu ikiisha kupotea, fedha hairudishi.